Linki Zinazofunguka kwa Mkono

Nafula mwanangu,

Umekwenda Kabalagala kuagana na wenzako, na Ramadhani nimemwambia arudi nyumbani mapema. Gereji imenyamaza. Nimekaa kwenye benchi la wateja, lile ulilolipaka rangi ya kijani likakauka na vumbi juu yake, nikaona niandike sasa kabla hujarudi. Ukirudi tutaanza habari za godoro na sufuria, na mengine yatabaki.

Za godoro na sufuria sitaziandika. Wala za neti, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume wa Moroto. Wewe ni mtu mzima, na hao watu wa kliniki ya huko unakokwenda kazi watakuonyesha wanavyoishi. Ninachotaka kukueleza ni habari ya linki. Uliponiomba nikutengenezee linki za gari utakaloendesha huko, nilikujibu, "Tengeneza mwenyewe," nikaondoka. Niliona ulivyoniangalia. Ulidhani nimekasirika kwa sababu unaondoka. Labda kidogo. Lakini jibu lenyewe ni refu kuliko hasira, na wewe unajua vipande vyake tu: kidole changu kilichokatika, na jina la Masaba, ambalo Ramadhani hulitaja akitaka kunichokoza.

Ulikuwa hujaanza shule. Vita ilikuwa imekwisha miaka michache tu, na Kampala ilijaa magari yaliyokufa. Yalikuwa nyuma ya kila nyumba, mengine bila magurudumu, mengine yakiwa na kuku ndani. Baba yako na Ramadhani waliona kazi pale ambapo wengine waliona takataka. Wakafungua gereji hii hapa Kisugu, Mkristo kutoka Bungoma na Mnubi wa Bombo, na watu wakawatania kwamba Kiswahili ndicho kilichowaozesha. Mimi nilikuwa nikiwapikia mafundi chai na chapati. Baba yako alipofariki, shemeji zangu walitaka nirudi Kenya. Ramadhani hakunipa pole nyingi. Aliniuliza, "Mama Nafula, unarudi, ama unashika mashine?" Nikashika mashine. Alinifundisha kuchomelea chuma kwa kunipa vipande vibovu niviunganishe, halafu akavivunja kimoja kimoja mbele yangu kwa nyundo, mpaka kikapatikana kimoja kilichokataa kuvunjika.

Masaba alikuja na landikruza ya kliniki moja ndogo ya mlimani, upande wa Elgon. Alikuwa dereva wao, mtu mfupi, mpole, anayeongea akiangalia viatu vyake. Huko kwao mvua inachimba barabara mpaka inakuwa mifereji. Gari likiingia mferejini gurudumu moja la mbele linapanda juu, na lile la upande wa pili, badala ya kushuka likanyage ardhi, linabaki linaning'inia hewani. Hapo gari halina nguvu tena. Linazungusha gurudumu bure.

"Wiki ile nilibeba mama mmoja na uchungu," Masaba alituambia. "Tulikwama mpaka asubuhi. Mtoto alikufa ndani ya gari."

Ramadhani akaingia chini ya gari, akatoka, akasema kile ambacho fundi yeyote wa mji huu angesema.

"Ni hii stabilaiza. Toa tu. Itapanda kama mbuzi."

Wewe unaijua stabilaiza. Lakini wakati ule mimi ndiyo kwanza nilikuwa najifunza, na nakumbuka jinsi Ramadhani alivyonieleza. Kile chuma kirefu kilichopinda kama mkono wa ndoo, alisema, kimelala chini ya pua ya gari, na kila ncha imeshikwa kwenye ekseli kwa linki, kipande kifupi cha chuma. Upande mmoja ukipanda, chuma kinauvuta na ule mwingine juu. Kwenye lami hiyo ni nzuri, kwa sababu gari halilali upande likikata kona. Kwenye mfereji ndiyo inayoliua. Nikauliza, "Na sasa tukiitoa, kwenye kona itakuwaje?" Ramadhani akasema Masaba ataendesha polepole. Masaba akasema ataendesha polepole. Tukaitoa. Tuliitupa pale nyuma, na mtu wa vyuma chakavu akaiomba, tukampa.

Kwa muda Masaba alikuwa akituletea sifa. Ndizi pia. Alisema gari linapita mahali ambapo hata punda wanafikiria kwanza. Mimi nilifurahi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo mtu alisafiri kutoka mbali kuja kuisifu, na kile nilichokuwa nimefanya ni kufungua nati tu.

Kisha siku moja alikuwa akishuka kuelekea Mbale, kwenye lami, mizigo imefungwa juu ya gari, abiria ndani. Mtu wa baiskeli aliyepakia matoke akayumba mbele yake. Masaba hakuwa mbio. Alikata usukani kumkwepa, gari likalala upande, na badala ya kuinuka likaendelea kulala. Liligeuka, magurudumu juu. Hakufa mtu. Masaba alivunjika bega. Bibi mmoja aliyekuwa ametoka kutibiwa macho alivunjika paja.

Nilipanda basi nikaenda kuwaona. Ramadhani hakutaka niende. Alisema tutaingizwa polisi. Nilienda kwa sababu sikuweza kufanya kazi, mikono ilikuwa inashika spana na kuiweka chini. Yule bibi alikuwa wodini, mguu umefungwa mawe ya kuuvuta, macho yamefunikwa bandeji. Nesi alimwambia kuna mgeni wa gereji.

"Wewe ni mke wa fundi?" akauliza.

"Hapana, mama. Mimi ndiye fundi."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa ndani ya basi, nimepanga hata maneno ya kujibu.

"Kale," akasema, yaani sawa. "Sasa ile gari mnaitengeneza lini? Kule juu hatuna ingine."

Hiyo ndiyo iliyonirudisha kazini, Nafula. Siyo huruma. Angenilaumu ningelia, nikaenda nyumbani, nikaacha magari ya milimani kwa watu wengine. Lakini alitaka gari, na alilitaka kwangu.

Masaba naye, mkono umefungwa shingoni, aliniambia maneno ambayo bado nayasikia kwa sauti yake ya chini. "Huko juu ilikuwa sawa sana, mama. Huku chini ndiyo ilinigeuka. Mimi nataka zote mbili."

Nilimjibu haiwezekani. Nilipofika Kisugu nilimwambia Ramadhani haiwezekani, na tukagombana kwa sababu yeye alishasema vilevile kabla yangu na sasa hakutaka kukubaliana na mimi. Akasema, "Kama nati inafunguka kwa spana, kwa nini isifunguke kwa mkono?" Alisema ili anishinde tu. Akaenda msikitini. Mimi nikabaki na lile swali.

Jinsi zinavyotengenezwa unajua, kwa hiyo sitakufundisha. Nitakueleza nilivyokosea. Landikruza ilipoburutwa mpaka Kisugu na kunyooshwa, linki za kwanza nilizikata kutoka bomba la maji. Nilichomelea vikombe vya kushikia bushi za mpira kwenye ncha, nikatoboa, na badala ya bolti ya chini nikaweka pini ya chuma laini, ile inayouzwa kwa trela za mashambani. Zilikuwa nzuri kutazama. Kwenye barabara ya murramu yenye mawimbi zilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi, na pini ikalika upande mmoja mpaka ikawa kama mfupa uliotafunwa. Nikatupa. Pini za pili nilizitoa kwenye shafti ya zamani, nikampelekea mzee mmoja wa Katwe mwenye mashine ya kukereza. Alizikereza zikaingia kwenye tundu bila kucheza, na kila moja ikapata klipu ya waya wa springi ili isichomoke yenyewe. Bomba nikabadilisha, nikatumia zito zaidi. Stabilaiza nyingine tulikuwa tumeitoa kwenye gari lililokufa hapo Nsambya.

Tukaenda kujaribu kwenye machimbo ya mawe nyuma ya Muyenga. Ilikuwa Ijumaa, Ramadhani ametoka kuswali, amevaa kanzu, na alisema hatalala chini ya gari na kanzu. Akaendesha yeye. Akapandisha gurudumu la kushoto juu ya jiwe, na lile la kulia likaning'inia, kama Masaba alivyotuambia. Mimi nilikuwa na haraka ya kuona. Sikumwambia ashuke kwenye jiwe. Nilijipenyeza pale pale, gari limeinama, nikatoa klipu, nikaivuta pini.

Haikutoka. Nikaigonga kwa nyundo.

Ile stabilaiza ilikuwa imejikaza kama nguo inayokamuliwa. Pini ilipotoka, linki iliruka, na kidole changu kilikuwa katikati ya linki na ekseli. Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio, nikadhani chuma kimevunjika, nikaudhika kwamba itabidi nianze upya. Ramadhani ndiye aliyeona. Alishuka, akachana kanzu yake kuanzia chini mpaka gotini, akanifunga mkono. Njia nzima ya kwenda hospitali alikuwa akinifokea kwa Kinubi, na mimi nilikuwa namwambia, "Umeona? Lile gurudumu lilishuka. Umeona lilivyoshuka?"

Kwa kweli lilishuka. Likakanyaga ardhi.

Basi hapo ndipo ile sheria unayoijua ilipotoka: pini huchomolewa mahali tambarare tu, gari likiwa limesimama sawa, na huko huko tambarare ndiko hurudishwa. Ukifika mbele ya mfereji umechelewa. Unafungua kabla hujafika. Ramadhani huwaeleza wateja kana kwamba ni sheria ya kampuni fulani. Ilikuwa sheria ya kidole changu. Tuligundua pia kwamba ekseli ikipata uhuru wa kushuka, inavuta paipu za breki, tukaweka ndefu zaidi. Hilo tuliliona kabla halijamuumiza mtu. Nashukuru kwamba moja tuliliona mapema.

Masaba alipokuja kulichukua gari, nilimweleza yote, kisha nikamwambia ninachokiogopa. "Utafungua huko juu, utafurahi, utasahau kufunga. Utashuka kwenye lami hivyo hivyo, na tutarudi kule kule." Akaziangalia zile pini mkononi mwake. Halafu akatoa ufunguo wa gari, akaomba kipande cha mnyororo, akaufunga kwenye ufunguo, na mwishoni akatundika zile pini. Zikiwa hazipo kwenye linki, zitakuwa zinaning'inia kwenye ufunguo na kumgonga goti kila anapokanyaga klachi. Hakuna aliyemfundisha. Kila gari la namna ile lililotoka hapa baadaye lina mnyororo huo, na watu hudhani ni pambo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Tulisikia redioni habari za udongo kuporomoka, na mimi nilikuwa nikihesabu magari ya mlimani niliyoyajua, na lilikuwa moja. Masaba alipokuja safari nyingine alikaa kwenye benchi hilihili, nikamletea chai, akanisimulia akiangalia viatu vyake.

Walimletea mama mwingine na uchungu, binti mdogo, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mama wa yule binti alikuwa naye ndani ya gari. Masaba alisimama penye uwanja wa shule, mahali palipo sawa, akachomoa pini, akaingia mferejini. Gari lilipita. Alisema lilipita likiinama kama mtu mzima anayeshuka ngazi, gurudumu moja huku, jingine kule, yote yakigusa chini. Walipofika inapoanza lami, alisimama tena.

Akashuka, akalala kwenye matope.

"Mama wa yule binti alitoka," Masaba akasema. "Akanipiga mgongo na ndala. 'Unafanya nini wewe! Barabara ni nzuri sasa, endesha! Mtoto wangu anakufa, wewe umelala!' Akawa anavuta miguu yangu. Na kule ndani yule mwingine analia."

"Na wewe?"

"Mimi niliweka ya kushoto. Ya kulia ilikuwa na matope kwa tundu. Nikaisafisha na kidole."

"Ulikuwa unamsikia?"

"Namsikia, mama. Sikio liko wazi." Akanywa chai. "Nikaisafisha. Nikaiweka. Nikaweka klipu. Ndiyo nikaendesha sasa, nikaendesha kweli kweli, mpaka Mbale."

Mtoto alitolewa kwa kupasuliwa. Mvulana. Yule mama wa ndala hakumwomba Masaba msamaha, na Masaba hakuona kwa nini angemwomba. Alitaka kujua kama ninaweza kutengeneza kifuniko cha lile tundu, matope yasiingie. Nilitengeneza.

Masaba alistaafu. Nasikia analima vitunguu. Sijui kama anakumbuka maneno hayo kama ninavyoyakumbuka mimi. Nimeyafikiria mara nyingi nikiwa na wateja wanaosimama juu ya kichwa changu wakisema wana haraka. Utawapata na wewe, na wengine watakuwa na sababu za kweli, watu wanakufa kweli nyuma ya gari. Sina neno la kukupa la wakati huo. Nakueleza tu kwamba nilimjua mtu mmoja aliyelala kwenye matope akapigwa ndala, na akasafisha tundu.

Nilipaswa kujifunza kutoka kwake mapema zaidi, maana mimi huwa na haraka. Uliporudi likizo kutoka chuo cha Kyambogo ukaniambia umeacha ualimu, umehamia masomo ya magari, nilikujibu kabla hujamaliza sentensi. Halafu sikukusemesha likizo nzima. Nilikuwa nimeshakuona ukiwa mwalimu, na sketi yako, na mikono yako iliyo kamili. Ramadhani alinishauri, nikamwambia mtoto si wake. Hilo lilimuuma, na alikuwa na haki, kwa sababu wewe ulijifunzia kutembea ukishika magurudumu yake. Baadaye nilimwomba radhi. Wewe sikukuomba. Ulirudi tu siku moja umevaa ovaroli, nikakupa kazi ya kuosha injini, na tukaliacha hapo. Sasa naliandika kwa sababu Moroto ni mbali.

Nilikuambia utengeneze mwenyewe kwa sababu zile linki ukitengenezewa hutazijua. Utazitumia, lakini siku zikigonga hutajua zinasema nini. Nilikuangalia. Nilijifanya nina kazi upande wa pili, na sikuwa na kazi. Nilikuona ukitupa zile za kwanza bila mtu kukuambia, nikaona ukienda Katwe na shafti begani. Yule mzee hayupo tena, kuna mjukuu wake. Ulipokwenda kujaribu machimboni nilimtuma Ramadhani akufuate kwa bodaboda, asimame mbali. Alirudi akasema, "Alitafuta mahali sawa kwanza." Akacheka, akaenda kunawa.

Leo asubuhi ulipokuwa bado umelala, niliingia chini ya gari lako. Nakuambia ukweli, sikukuamini. Nilichukua nyundo, nikagonga kila mahali ulipochomelea, kama Ramadhani alivyokuwa akinigongea mimi. Zimeshika. Niligonga tena upande wa kulia, kwa nguvu kuliko ninavyogongea za wateja, na umeshika.

Kisha nikaona pini. Umeziingiza kinyume. Zangu zote, miaka yote hii, kichwa kinaangalia ndani na klipu iko nje, ili mkono uifikie haraka. Zako klipu iko ndani. Mtu inabidi ajinyooshe mpaka begani kuifikia klipu. Nikasema, kumbe huyu mtoto bado. Nikaitoa klipu ya kushoto ili niigeuze pini, nikiwa nimelala pale, nayo imefika nusu kutoka.

Nikawaza utakakoendesha. Mimi nimetengenezea watu wa matope. Wewe unakwenda kwenye vichaka vya miiba, siku nzima matawi yanasugua ubavu wa gari na kila kilichojitokeza nje. Tawi moja likishika klipu iliyo nje, inachomoka, pini inafuata, na hutajua mpaka kona. Huko ndani hakuna tawi linalofika. Sijui kama ulimuuliza mtu au uliliona mwenyewe. Hukunieleza, na mimi sikuwa nimekuuliza.

Nikairudisha pini kama ulivyoiweka. Nikajinyoosha mpaka begani, nikaifunga klipu, nikatoka chini ya gari. Ulikuwa unapiga mswaki pale mlangoni, ukaniuliza naangalia nini, nikakuambia naangalia kama mafuta yanavuja.

Hayavuji.

Nenda salama, Nafula. Ramadhani atakuja alfajiri kukuombea dua, mwache amalize, hata ikiwa ndefu.

Mimi mama yako,
Rispa